Somo la ujasiriamali kwa wanafunzi wa uuguzi, mradi gani umewahi kufanya kazi?

Mwl_Uyole
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Nafundisha chuo cha uuguzi hapa Mbeya, muhula huu nimebebeshwa ujasiriamali na mimi ni mkunga sijawahi kuuza hata karanga. Mwaka jana niliwapa notsi wakakariri, mtihani wakafaulu, wiki mbili baadae nauliza bei ya jumla ni nini darasa kimyaa. Safari hii nataka wafanye mradi wa kweli, vikundi vya watu sita, wiki kumi. Sasa vikundi saba vyote vimeniletea sabuni ya maji. Saba!

kamwene_tu
Kamwene mwalimu. Hata sisi tulitengeneza sabuni, tukawakopesha wakufunzi mpaka leo hawajalipa 😂 Usianze na bidhaa, watume kwanza wodini na kliniki ya watoto waandike shida wanazoziona kila siku, mradi utoke humo. Huku Iringa mazao yamejaa ila utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ndo maana kikundi kimoja walifanya unga wa lishe. Ila wachague karanga na mahindi makavu maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, haina mchezo, na kabla ya kupeleka dukani wapite SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango).

Nesi wa Kabwe
Unga sawa ila wasiuzie kliniki jamani. Nesi huyohuyo anamwambia mama mtoto anyonye tu miezi sita, halafu ana unga chini ya meza? Mama atanunua kwa kuogopa asije akahudumiwa vibaya. Wakauze sokoni Mwanjelwa huko. Mimi ningesema kofia na soksi za vichanga, Juni na Julai baridi ya Uyole unaijua, mtu anatoka kujifungua na kanga mbili tu na kichanga joto linashuka haraka sana. Wapige hesabu robota moja la uzi linatoa kofia ngapi na mkono wa anayefuma unalipwa nini, hapo ndo huwa wanajisahau.

dogo_mwaka_wa_pili
Na mtaji je? Halafu kwa nini tusiende kufunga vidonda majumbani, hela si ipo hapo?

Nesi wa Kabwe
Mdogo wangu huna leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, tulia kwanza umalize. Mtaji changeni 2,000 kila mtu, 12,000 inatosha kuanzia. Na mwalimu usitoe alama kwa faida, watatoa hela mfukoni wajinunulie wenyewe nakwambia. Sahihisha daftari la mapato na matumizi, kila wiki, hata kama wamepata hasara.

Mwl_Uyole
Ndaga fijo. Leo nimewarudisha wote wodini, sabuni nimefuta. Kikundi kimoja tu kimegoma, wanasema tayari wana mwenye baa anachukua lita ishirini kila Ijumaa na analipa keshi. Hao nimewaacha.