Pangani na Ushongo: tuogelee siku gani na saa ngapi?

Mama wa Lushoto
Ndugu zangu wa pwani, mwezi wa Agosti nimekusudia kuwaleta Pangani wanangu wawili, wa miaka 12 na 15, kwa siku nne. Kuogelea wamejifunza bwawani tu, na sasa wanataka bahari, kayaki na safari ya kisiwa cha Maziwe kutazama matumbawe. Nilipopita huko mwaka jana nilikuta maji yamekupwa hadi mbali, miamba iko wazi, na kwingine majabali yanapigwa na mawimbi, nisione mahali pa kumwambia mtoto aingie. Naomba mwongozo wenu.

Nahodha Mstaafu
Karibu sana, binti yangu. Kabla ya kuchagua ufukwe, utazame mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, maji ya kwetu hujaa alasiri kama saa kumi, na asubuhi kama saa nne huwa yamekwisha kukupwa, kwa tofauti inayoweza kupita mita 3. Maji mengi kiasi hicho yanapotoka kwa muda wa saa sita tu, huvuta kwa nguvu, hasa katika milango ya mwamba. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hujaa asubuhi, nayo hayana haraka. Njoo siku hizo, ukikumbuka kwamba kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo saa ya kuogelea ya siku ya kwanza siyo ya siku ya nne. Mdomo wa mto Pangani msiuguse kabisa. Mimi nimeuvuka kwa chombo miaka mingi, na sijawahi kuruka majini pale hata kwa mzaha.

Binti wa Ushongo
Shikamoo mzee, naomba kuongeza jambo la kayaki. Agosti ni kusi, yaani msimu wa upepo utokao kusini, na upepo pamoja na mkondo huelekea kaskazini, ambako kwa mtu aliyeko ufukwe wetu wa Ushongo ndiko uliko huo mdomo wa mto. Watoto waanze kupiga makasia kuelekea kusini wakiwa bado na nguvu, ili wakichoka upepo uwarudishe. Jaketi la kuokolea walivae wakiwa mchangani. Nimewaona watu wazima wakilikalia kama mto wa kiti. Kuhusu Maziwe, lile ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja, na maji ya bamvua hulifunika, kwa hiyo nahodha awaambie saa ya kurudi kabla hamjapanda, wala asiwashushe akaondoka na chombo. Mkiona bahari imechafuka tangu alfajiri, ahirisheni.

Muuguzi wa Tanga
Wavae viatu vya mpira, maana mwamba huchana nyayo na miiba ya wanyama wa baharini hukatikia ndani. Penye mchanga watembee kwa kuburuza miguu, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na kukimbia. Akichomwa mtu na taa, mguu utumbukizwe katika maji ya moto yasiyounguza, ambayo mtu mwingine ameyapima kwanza kwa mkono wake, kwa dakika 30 hadi 90, kisha apelekwe hospitali.

Mama wa Lushoto
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimebadilisha tarehe zangu ziangukie mwezi nusu. Maziwe tutaiacha hadi siku ya tatu, na bahari ikikataa, watoto watanuna tu.