Manning yupi alikuwa moto zaidi: wa 2004 au wa 2013?

Kwota_wa_Pwani: Wakuu, Peyton Manning, yule kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa futiboli ya Marekani, akitajwa tu, watu wanakimbilia 2013 pale Denver: pasi 55 za tachidauni (zilizozaa bao), yadi 5,477, rekodi zote mbili. Mimi nabaki na 2004, akiwa na Colts wa Indianapolis. Tachidauni 49 kwa pasi 497. Zile 55 zilimgharimu pasi 659! Na mechi ya mwisho ya 2004 aligusa mpira kidogo tu, akapumzishwa.

Dada_Yadi: Mkuu, umesahau shingo. Alipasuliwa, akakosa msimu mzima wa 2011, Colts wakamwacha aende. 2013 ana miaka 37, pasi zake nyingine zinayumba hewani kama tiara iliyokatika uzi. Na bado mechi ya kwanza anawapiga Ravens, mabingwa watetezi, tachidauni 7.

Kwota_wa_Pwani: Sawa, ila rudi 26 Desemba 2004, dhidi ya Chargers. Ameshafika 48, sawa na rekodi ya Dan Marino ya 1984. Colts wako nyuma kwa pointi 8, jaribio la nne, yaani la mwisho, zimebaki yadi 4, tena ndani ya nusu yao. Kikosi cha kupiga teke kinaingia kuwaachia wapinzani mpira mbali, jamaa anakipungia mkono kirudi benchi! Anapata yadi zake, kisha anampa mpokeaji wake Stokley ya 49. Wakashinda muda wa nyongeza, 34-31.

Babu_Kolti: Mnabishania namba, wajukuu. 2004 Patriots walimtoa kwenye mtoano 20-3. Super Bowl, fainali ya ile 2013, niliamkia saa nane usiku. Chai sijaimimina, mpira wa kwanza kabisa ukampita kichwani, Seattle wakapata pointi 2. Sekunde 12! Ikaisha 43-8, chai imepoa. Mimi nachukua 2006: tachidauni 31 tu, lakini alikuwa nyuma 21-3 kwa Patriots haohao akageuza 38-34, halafu kwenye fainali akawafunga Bears kwenye mvua ya Miami.

Dada_Yadi: Shikamoo babu, ila umehama mada. Tumeulizwa msimu, hatukuulizwa kombe. Kwa kipimo chako, hata 2015 inaingia: alibeba Super Bowl kwa msimu wa tachidauni 9, na pasi 17 zikadakwa na wapinzani.

Babu_Kolti: Marahaba. Hiyo 2015 usinibebeshe, kombe lile ni la Von Miller, mlinzi wa Denver.

Kwota_wa_Pwani: 😂 Hapo babu hatubishani.