Kijiti na kivuli: mbona longitudo ya Lubumbashi inatutupa Zambia?

MwalimuKatuba: Jambo wandugu. Tarehe 23 Septemba wanafunzi walisimamisha kijiti cha mita 1, unene sentimita 3, hapa Lubumbashi. Kivuli kifupi kabisa: sentimita 22. Simu ilionyesha 12:03. Hesabu ikatoa latitudo 12.4 kusini, longitudo 29.25 mashariki. Ramani inasema 11.66 na 27.48. Tumekosea wapi?

Fundi_Kamalondo: Tuanze na longitudo, maana hapo mmepotea karibu kilomita 190. Dunia huzunguka digrii 1 kila dakika 4, na saa yetu inafuata mstari wa digrii 30 mashariki. Mligawa dakika 3 kwa 4, mkatoa kwenye 30, mkaangukia Zambia, upande wa ziwa Bangweulu. Kilichosahaulika: jua haliendi sawa na saa mwaka mzima. Tarehe hiyo linatangulia kama dakika 7 na nusu. Basi 3 + 7.5 = 10.5, gawa kwa 4, toa kwenye 30: 27.4.

Latitudo ni kosa la rula. Nadhani mlipima kuanzia katikati ya kijiti. Ncha ya kivuli hutoka kwenye ukingo wa juu wa kusini, kwa hiyo anzieni ukingo wa chini wa upande huohuo. Ondoa 1.5: inabaki 20.5 kwa 100, yaani tanjenti 0.205, pembe digrii 11.6. Siku hiyo jua liko juu ya ikweta, pembe hiyo ndiyo latitudo yenyewe.

Tena msivizie kivuli kifupi kabisa. Karibu na saa sita kinakuwa kama kimesimama. Chora duara kwa kamba kuzunguka kijiti. Andika saa ncha inapogusa duara asubuhi, na inapogusa tena mchana. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo saa sita ya jua. Ukikosea dakika 1 tu, umehama kilomita 27.

Himbi_Goma: Huku kwetu Goma, digrii 1.68 kusini, kijiti cha mita 1 kinatoa kivuli cha sentimita 2.9, na ukungu wa ukingoni (sehemu ya kivuli isiyo wazi) peke yake ni kama sentimita 1. Kijiti kikiinama digrii 1, kosa ni kilomita 111! Afadhali karatasi ngumu yenye tundu la milimita 5, mita 3 juu, timazi (uzi wenye uzito) ikianguka kutoka tundu hadi sakafuni. Pima kutoka timazi hadi katikati ya doa la mwanga: sentimita 8.8. Sakafu ipimwe kwa nivo (kifaa cha kupimia usawa) kwanza.

MwalimuKatuba: Asanti sana. Na Desemba inawezekana?

Fundi_Kamalondo: Inawezekana, mawingu yakiruhusu. Tarehe 21 jua liko digrii 23.44 kusini, limewapita. Kivuli kitakuwa sentimita 20.9, karibu kilekile cha Septemba, ila kitaelekea kaskazini. Pembe ni 11.78, itoe kwenye 23.44.