Umekimbia hadi pumzi imekwisha, halafu unasema gemu ni mbovu?!

MCHAWI WA BALMORA:
Wakuu, nina hasira ya kuchemsha maharage bila mkaa.

Mnamjua. Simtaji. Yule wa video za "gemu zilizozeeka vibaya", ambaye kila RPG (gemu ya kuigiza mhusika na kumkuza) iliyotoka kabla hajaota ndevu kwake ni takataka. Leo kaigusa Morrowind. Morrowind ya 2002!

Twende moja kwa moja kwenye lile tukio. Kashuka melini Seyda Neen, kijiji unachoanzia. Kaokota kile kisu cha mezani ofisini. Katoka nje, KAKIMBIA kijiji kizima, karukaruka juu ya kila jiwe, kakutana na panya. Angalieni chini kushoto ya skrini: mstari wa kijani, yaani pumzi, UKO TUPU. Kachoma hewa kama mara elfu moja. Halafu kageukia kamera na kutamka kwamba kisu kinapita katikati ya panya, kwa hiyo gemu mbovu. Akaifuta. AKAIFUTA, wakuu, na panya bado mzima!

Gemu ile haiangalii kama ncha imegusa manyoya. Inarusha kete. Unachukua ustadi wako wa silaha, unajumlisha wepesi ukigawanya kwa 5, unajumlisha bahati ukigawanya kwa 10. Jibu unalizidisha kwa 1.25 kama pumzi imejaa, au 0.75 kama imekwisha. Kisha unatoa uwezo wa adui kukwepa, kinachobaki ndiyo nafasi yako kwa mia.

Yeye Short Blade (ustadi wa visu) alikuwa na 5. TANO! Wepesi 40, bahati 40. Hiyo ni 5 + 8 + 4 = 17. Mara 0.75 unapata kama 13. Adui mwenye wepesi 40, bahati 40 na pumzi kamili anakwepa kwa 15 (8 + 4 = 12, mara 1.25). Kumi na tatu toa kumi na tano! Angechoma mpaka kiama, kete haimpi kitu.

Na mstari wa kijani ulikuwa tupu. Tupu kabisa. Na watu maelfu wamebofya kupenda.

NYUNDO YA UBUNGO:
Povu lote hili kwa ajili ya panya?

SALTRICE:
Mkuu yuko sahihi, mwacheni atoe povu. Hesabu ile ile, chukua mtu wa kabila la Redguard. Long Blade (panga ndefu) iwe kati ya ustadi mkuu unaanza na 30, kabila linakupa 15, ukichagua njia ya mapigano unapata 5. Jumla 50. Ongeza 12 za wepesi na bahati, ni 62. Pumzi kamili inakuwa 77, toa 15 za adui unabaki na 62 kwa mia. Pumzi ikiisha unashuka hadi 31. Nusu nzima imepotea kwa kukimbia tu. Ukizaliwa chini ya nyota ya Warrior unaongezewa 10 juu ya hizo, siku ya kwanza kabisa.

Kwa wanaotaka kujaribu: bonyeza Caps Lock uache kukimbia, ukimwona adui simama kidogo mstari wa kijani upande, ndipo uchomoe upanga. Kushikilia kitufe muda mrefu kunaongeza ukali wa jeraha tu, hakuongezi nafasi ya kupata. Watu wengi wanachanganya hapo. Na kwenye mipangilio washa ile ya kutumia pigo bora siku zote, la sivyo gemu inachagua pigo kwa kufuata unavyotembea. Mwenye mkuki akipiga huku amesimama anapata pigo la juu kwenda chini, na mkuki kwa pigo hilo hauna maana. Mkuki ni wa kuchoma.

MCHAWI WA BALMORA:
Asante Saltrice! Hayo yote yangemchukua dakika mbili kusoma. Yeye dakika mbili alizitumia kuruka juu ya mawe. Mstari TUPU!

DADA THAC0:
Tumesikia, mstari tupu. Mbona mimi silii? Baldur's Gate ya 1998: mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai 4. Nne. Unafika nyumba ya wageni ya Friendly Arm Inn, kabla hujapanda ngazi, mchawi adui Tarnesh anakuja na salamu, anajizidisha kwa Mirror Image, anawatia wenzako hofu wanakimbia ovyo, umekufa. Na yule yule mnayemsema alipeleka mchawi wake MBELE ya kundi, halafu akalaumu kete. Mchawi anakaa nyuma, anatupa Sleep, uchawi wa usingizi. Sleep moja, vile vijitu vya gibberling vyote chali, wapiganaji wanamalizia. Na deraya (vazi la kujikinga) kule inahesabiwa kinyume, namba ikishuka ndiyo bora. Yeye alivua nzuri akavaa mbovu.

CTRL NA MSHALE:
Nyie bado mnarusha kete. Gothic ya 2001 ndiyo kiboko. Ctrl na mshale wa mbele unapiga, Ctrl na mshale wa pembeni unafyeka, Ctrl na mshale wa nyuma unakinga. Mgeni anashika upanga wa mkono mmoja kwa mikono miwili maana hajui kitu. Kila ngazi unapata pointi 10 za kujifunzia, unamlipa mwalimu, na unamwona mtu wako anabadilisha mshiko kwa macho yako. Hakuna gemu ya siku hizi inayokuonyesha mafunzo yameingia mwilini namna ile.

NYUNDO YA UBUNGO:
Kwa hiyo kutembea mbele tu ni kozi ya chuo.

CTRL NA MSHALE:
Wewe baki na mpira wako wa kubonyeza kitufe kimoja.

MCHAWI WA BALMORA:
Jamani, turudi kwenye panya.

MWANA WA LUKU:
Panya gani, mimi nina kesi na umeme. Gemu hizi za zamani nyingine hazijihifadhi zenyewe ukiwa katikati ya safari. Umeme ukikatika mchana kweupe, saa tatu za kazi zimekwenda. Morrowind piga F5 (hifadhi ya haraka) kila baada ya pambano, na kila saa hifadhi faili jipya kwa jina tofauti, maana F5 inaandika juu ya ile ile. Umeme ukikatika ikiwa inaandika, faili limeharibika na huna la kurudia.

SALTRICE:
Hapo umenena. Mnaotaka injini mpya ya kuendeshea Morrowind tumieni OpenMW, ila lazima uwe na mafaili ya gemu halisi.

KADI YA MEGA NANE:
Afadhali nyie mna F5. Final Fantasy X kwenye PS2, mlima Gagazet, bosi Seymour. Ukifa unaangalia maongezi yote upya na hakuna kitufe cha kuruka! Anakufanya zombi kwa mkuki, halafu unatupiwa Full-Life. Dawa ya uhai kwa zombi ni kifo.

DADA THAC0:
Uzombi unautoa kwa Holy Water (maji matakatifu) KABLA Full-Life haijatupwa, mpangilio wa zamu uko wazi pale juu kulia. Na mtie Seymour sumu kwa uchawi wa Bio zamu ya kwanza, sumu inamla kila zamu yake bila wewe kugusa.

KADI YA MEGA NANE:
Bio anajifunza nani? Lulu, mchawi wangu, yuko mbali nayo.

CTRL NA MSHALE:
Basi ndiyo maana unakufa. Shuka mlima, kapigane huko chini Lulu aifikie, ndipo urudi.

MCHAWI WA BALMORA:
Uzi ulikuwa wa Morrowind.

KADI YA MEGA NANE:
Sawa mkuu. Dada, Holy Water nibebe ngapi?