Je, asilimia ya watoto waliochanjwa ibaki kuwa shabaha kuu ya huduma za chanjo?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naleta hoja kwamba asilimia ya chanjo iendelee kupimwa, lakini isiwe tena shabaha ambayo halmashauri na watumishi wake hupangiwa madaraja kwayo. Hapa Tanzania asilimia hiyo hupatikana kwa kugawanya dozi zilizoandikwa katika daftari la zahanati kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo, na makadirio hutokana na sensa. Kwa hiyo kata iliyopokea wafugaji au wachimbaji wengi baada ya Sensa ya 2012 ilihesabiwa, hadi ile ya 2022, kuwa na watoto wachache kuliko waliokuwapo, na ndipo taarifa zinapoweza kuonyesha kiwango kinachozidi asilimia 100 huku wapo watoto ambao hawajaonwa na mchanjaji yeyote.

Fedha ikifungwa kwenye tarakimu, mambo huharibika zaidi. Gavi, taasisi ya kimataifa inayofadhili chanjo, katika miaka yake ya mwanzo ilizilipa nchi Dola 20 za Marekani kwa kila mtoto wa ziada aliyeripotiwa kumaliza dozi tatu za chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet ulikuta kwamba, kwa taarifa rasmi, watoto hao wa ziada walikuwa milioni 13.9, ilhali tafiti za kaya zilionyesha milioni 7.4. Si lazima mtu awe amedanganya. Anayelipwa kwa tarakimu hana haraka ya kuikagua.

Napendekeza kila kitongoji kiwe na orodha ya watoto ambao hawajapata hata dozi moja, na kituo kipimwe kwa wangapi kati yao kimewafikia.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mtoa mada, kasoro umezieleza vizuri, ila dawa yako siikubali. Kilichozisukuma serikali katika miaka ya 1980 ni shabaha moja iliyoeleweka hata na waziri wa fedha: asilimia 80 ifikapo 1990. Orodha ya majina ya kitongoji haipelekwi bungeni kuombewa bajeti. Zaidi ya hayo, surua huambukiza kwa kasi kiasi kwamba takriban watoto 95 kati ya 100 wanapaswa kuwa na dozi mbili ndipo isisambae; anayeacha kulenga asilimia ameacha kulenga kinga ya jamii. Tafiti za kaya nazo zina upungufu wake, kwani kadi za kliniki hupotea na mama hulazimika kujibu kwa kukumbuka.

Mchangiaji wa tatu, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto

Kituoni hatupimwi kwa kipimo kimoja. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela tunachotumia kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki hutakiwa kutupwa baada ya saa 6. Mama akifika Jumatatu na mtoto mmoja wa miezi tisa, mwongozo unataka kichupa kifunguliwe hata kwa huyo mmoja. Lakini mwisho wa mwezi naulizwa dozi zilizopotea kabla ya kuulizwa habari za mtoto. Basi wako wanaomwambia arudi Alhamisi, wenzake watakapokuwepo. Aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni huenda asirudi, na daftari halina safu ya kuandika kwamba alikuja.

Mtoa mada

Hiyo asilimia 95 ndiyo inayonitia hofu, kwa kuwa mkoa wenye wastani huo unaweza kuwa na kijiji kizima kisichochanjwa, na surua huingia hapo hapo. Kuhusu bajeti, Ajenda ya Chanjo ya 2030 ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na asilimia 90, imeweka lengo la kupunguza kwa nusu watoto wasiopata dozi hata moja. Hesabu ya watoto, basi, tayari inaombewa fedha.

Dada muuguzi, safu hiyo iongezwe daftarini, na dozi zilizotupwa baada ya kumchanja mtoto mmoja zisiandikwe kuwa hasara ya kituo. Vichupa vya dozi 5 vipo, ingawa bei yake kwa kila dozi iko juu. Waratibu wa chanjo wa wilaya mliomo humu, mngevichagua kwa zahanati ndogo?