Nahamia Kigoma: nyumba ya Bangwe ziwani, wenyeji naomba mwongozo

Mgeni wa Dodoma ameuliza:

Habari za humu, wakubwa shikamooni.

Nimehamishiwa Kigoma kikazi, nakuja na mke, watoto wawili wadogo na mama yangu mzazi. Mama ana presha na usingizi wake ni wa shida, kelele kidogo tu anaamka na halali tena mpaka asubuhi. Kwa sababu hiyo natafuta mtaa uliotulia, wenye watu wa siku nyingi, si mtaa wa baa na maspika.

Dalali alinionyesha nyumba kadhaa Mwanga, zote nzuri ila ziko jirani na soko. Ya mwisho ilikuwa Bangwe, upande wa ziwani, na hiyo imenikaa moyoni. Ni nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma, mwembe mkubwa uwanjani, michikichi miwili nyuma ya jiko, na ukikaa barazani unaona ziwa lote hadi milima ya Kongo. Mwenye nyumba ni mama mjane. Anataka nipange mwaka mmoja, baada ya hapo tunaweza kuzungumza habari ya kununua. Niliiona mwezi wa kumi, ufukwe ulikuwa mpana na mchanga mkavu kabisa.

Maswali yangu: utulivu ule ni wa kweli au nilibahatisha siku? Habari ya ziwa kupanda ni kubwa kiasi gani kwa eneo lile? Watoto wanaweza kuoga ziwani? Na je, harufu ya dagaa inavumilika kwa mgonjwa?

Natanguliza shukrani.

Fundi wa Gungu amejibu:

Karibu Kigoma, kaka. Bangwe ni pazuri, ila usiku usafiri ni wa kupiga simu, kwa hiyo weka namba ya bodaboda unayemwamini kabla hujahitaji. Ukiwa na mgonjwa wa presha hilo ni la kwanza.

Mimi ni fundi ujenzi, basi nizungumze ya kwangu. Nyumba za zamani za tofali za kuchoma nyingi hazina lenta ya kuzunguka, yaani mkanda wa zege unaofunga kuta. Sisi huku tumekaa kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Desemba 2005 palitokea tetemeko lenye kitovu ndani ya ziwa, ukubwa wa 6.8, na hapa mjini tulilisikia vizuri sana. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei ya kununua, nenda na fundi, atazame pembe za madirisha na milango. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, umpe macho. Ufa mwembamba wa plasta hauna neno.

Pia angalia maji ya mvua yanapita wapi. Bangwe ni mteremko, na mvua za Novemba mpaka Aprili zinachimba msingi usipokuwa na mfereji.

Mama wa Bangwe amejibu:

Marahaba mwanangu, na karibu sana. Mimi nimestaafu uuguzi, nimelelea wanangu wote Bangwe na sasa nalea wajukuu. Nimesoma maswali yako mara mbili kwa sababu ya huyo mama yako. Nitakujibu kwa urefu.

Utulivu ni wa kweli, lakini ujue una ratiba yake, na anayeshika ratiba hiyo ni mwezi wa angani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na taa inafaa usiku wa giza. Siku za giza vijana wetu wako majini usiku kucha. Jua linapoelekea kuzama utasikia injini za mitumbwi na vipe (vyombo vya kuvulia dagaa) zikitoka, zote karibu kwa pamoja, hiyo ndiyo kelele kubwa ya siku. Baada ya hapo mtaa unabaki na wanawake, wazee na watoto, na saa tatu usiku ukidondosha kijiko jirani anasikia. Alfajiri injini zinarudi, na akina mama wanashuka na mabeseni kwenda kununua. Wanaongea kwa sauti, nisikufiche, kwa sababu pale bei inapatikana kwa kuwahi na kwa mdomo. Ikifika mbalamwezi ndiyo vijana wanapumzika nyumbani, kama wiki hivi kila mwezi. Utawakuta chini ya miembe wanashona nyavu, wanacheza bao, wanakunywa kahawa mpaka usiku. Mgeni akihamia siku za mbalamwezi anadhani amedanganywa, na akihamia siku za giza anadhani amepata mtaa usio na wanaume.

Nakuambia haya ili usije ukafikiri kwamba kimya maana yake hakuna watu. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Nia yake naikubali, maana hata sisi tulioko ufukweni tuliona samaki wanapungua. Lakini kimya cha miezi ile kilikuwa kizito. Hakuna injini, hakuna mabeseni, vichanja vya kuanikia dagaa vitupu. Wanawake niliozoea kuwaona alfajiri walikuwa wanapita milangoni kuuliza kama kuna nguo za kufua. Tangu hapo injini za jioni nikizisikia namshukuru Mungu. Mtu anayehamia kwetu akaanza kulalamika kuhusu injini na dagaa hatuwezi kumwelewa, kwa sababu analalamikia chakula cha mtaa mzima.

Sasa kuhusu nyumba yenyewe. Umesema barazani unaona milima ya Kongo. Basi iko upande wa nje wa rasi, haiko upande wa ghuba unaotazama bandari. Tofauti ni kubwa. Ghuba imekingwa. Upande wa nje, kiangazi upepo wa kusini unapiga moja kwa moja, hasa Juni mpaka Agosti, na mawimbi yanapiga mawe usiku mzima. Wapo wanaolala vizuri zaidi na sauti hiyo, mimi mmoja wao, lakini mama yako asipewe chumba cha mbele mpaka mmejua. Mpeni cha nyuma, cha upande wa jiko. Na baraza hiyo inatazama magharibi, jua la alasiri linaingia mpaka ukutani. Asubuhi akae pale apate hewa, kuanzia saa nane mchana ahamie chini ya mwembe. Mgonjwa wa presha hakai kwenye jua lile.

Ziwa kupanda. Hapa nakuomba unisikilize, kwa sababu uliiona nyumba mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi ziwa liko chini kuliko miezi mingine ya mwaka. Linajaa masika na kilele chake ni Aprili na Mei. Ufukwe ule mpana uliouona Mei unaweza usiuone kabisa. Hiyo ni kawaida ya kila mwaka. Juu ya kawaida hiyo, kuanzia 2020 na 2021 maji yamepanda zaidi ya tulivyozoea, na 2024 yakaja tena kwa nguvu. Mialo ya Kibirizi na Katonga, wanakoshushia samaki, iliingiwa na maji, na wenzetu wa Bujumbura waliumia kuliko sisi. Wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1960 pia yalipanda hivyo hivyo, yakachukua miaka mingi kushuka. Sababu ni kwamba mito inayoingia ni mingi, Malagarasi peke yake ni mto mkubwa, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, ule wa upande wa Kongo. Maji mengi hupungua kwa kukauka na jua. Mvua ya miaka miwili mikubwa haitoki kwa kiangazi kimoja.

Kwa hiyo panga, usinunue. Pita Mei moja ndani ya nyumba hiyo kwanza. Na leo hii kabla hujalipa kodi, nenda kwa huyo mama mjane umwombe akuonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi 2024. Atakuonyesha, watu wa huku hawafichi jambo ambalo mtaa mzima umeliona. Kisha nenda kwa mjumbe na nyumba mbili za jirani, uulize hilo hilo.

Watoto na kuoga. Wataoga, huwezi kumweka mtoto Bangwe akakaa mbali na maji. Lakini kichocho kipo Tanganyika hata kama wengi wanasema maji yetu ni safi mno kwa kichocho. Nimewahudumia watoto wanaokojoa damu na wanaoumwa tumbo kwa ajili hiyo. Konokono wake anapenda palipotulia, penye matete na majani ya majini. Wakaoge penye mawe na mawimbi, wasiogee kwenye matete wala kijito kinapoingilia. Wakiwa shuleni watapewa dawa ya kichocho zamu ikifika, wasikimbie. Wasiende peke yao, maana kina kinashuka ghafla, mtoto anapiga hatua mbili na chini hakuna. Na wafundishwe kutoingiza mkono kwenye mapango ya mawe. Kuna nyoka, swira wa majini, anakula samaki na hana shida na mtu, ila ukimshika usimlaumu.

Harufu ya dagaa ipo. Siku za jua kali dagaa wanakauka haraka na harufu ni ndogo. Mvua ikiwakuta kwenye vichanja, siku hiyo mfungie mama madirisha.

Mvuvi wa Katonga amejibu:

Mama umesema yote, sina cha kupunguza. Naongeza mawili.

Kaka, ukianza kuzungumza habari ya kununua, kumbuka mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Nyumba za zamani zilijengwa kabla ya hapo na watu wanaishi humo, lakini ukinunua halafu ukataka kuongeza banda, ukuta au vyumba vya kupangisha upande wa maji, utaambiwa ubomoe. Na mita zenyewe zinasogea ziwa likipanda. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja, uulize kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi. Tazama na bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, zipo wapi. Za upande wa ziwa huenda ziko chini ya maji.

La pili, ukihamia, shuka mwaloni siku ya kwanza ujitambulishe. Wewe na watoto. Si kwa ajili ya kitu chochote, ila sisi ndio tunaokuwa kwenye maji saa zote, mtoto tunayemjua tukimwona mahali pabaya tunamtoa na kumrudisha kwao. Tusiyemjua tunadhani ana mtu wake karibu.

Mgeni wa Dodoma ameandika:

Mama, shikamoo tena, na kaka zangu asanteni sana. Nimemsomea mama yangu majibu yote kwa sauti. Amefurahi kusikia habari za alfajiri za mabeseni kuliko za utulivu, amesema yeye aliwahi kuuza maandazi sokoni na hajawahi kuishi mtaa usio na wanawake wanaobishana bei.

Nimempigia simu mwenye nyumba. Amesema 2024 maji yalifika kwenye ngazi ya pili kutoka chini, na kwamba alipoteza mipapai iliyokuwa upande ule. Hakusita kusema. Je, hiyo ni salama? Na maji ya kunywa na ya matumizi yanapatikana vipi pale?

Mama wa Bangwe amejibu:

Marahaba. Ngazi ya pili kutoka chini ni habari njema kwa nyumba, maana msingi wenyewe uko juu zaidi. Muulize swali moja tu lililobaki: shimo la choo liko upande gani? Kama liko upande wa ziwa, chini ya nyumba, maji yakipanda ardhini linajaa kutoka chini hata kama nyumba iko kavu, na uchafu unakwenda ziwani ambako watu wanachota. Kipindupindu tumekiona huku, 2015 wakimbizi wa Burundi walipofika Kagunga, kijiji cha mpakani, tulikiona kikiua watu. Likiwa chini, kubalianeni achimbe jingine juu, nyuma ya nyumba, mbali na michikichi, na gharama ikatwe kwenye kodi. Mwandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa.

Maji ya bomba yapo ila kwa zamu, na mlimani hutoka kwa nguvu ndogo. Nunua simtanki kabla ya kuhamisha mizigo, uiweke juu ya mnara, na mvua zikianza uunge mfereji wa bati. Ya kunywa chemsheni, hata yakionekana kama kioo.

Kipimo cha presha cha mama mje nacho. Mkifika mnitafute kwa mjumbe, mwambie unamtafuta nesi mstaafu mwenye wajukuu wengi, atakuleta. Nitampima mama mara mbili kwa wiki, bure, na Jumamosi tutashuka naye mwaloni kununua migebuka, mradi daktari wake amemruhusu kutembea.