Mjadala: Mtaalamu wa optometria atibu jicho, au aishie kwenye miwani?

Wakuu, tujadili hili kwa hoja. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya mtaalamu wa optometria ni kupima uoni na kuandika miwani, dawa awaachie madaktari bingwa wa macho. Mimi sikubaliani nao, ingawa nina mpaka wangu.

Ingieni naye chumba cha vipimo. Anadondosha tone, dakika 20 hivi zinapita, mboni inafunguka. Anasogeza taa na kuukuta mshipa wa fahamu wa jicho umechimbika katikati kama kikombe, dalili ya presha ya macho. Sheria ikimkataza dawa, kilichobaki ni barua ya rufaa. Mgonjwa mwenyewe hasikii maumivu na bado anaona, kwa hiyo barua anaikunja, anaiweka mfukoni, miezi inapita. Na uoni ukishaliwa na ugonjwa huo haurudi! Hapo ndipo roho inaponiuma.

Marekani kila jimbo lina sheria yake. Rhode Island iliwaruhusu wataalamu hawa matone ya uchunguzi mwaka 1971, West Virginia ikaruhusu dawa za tiba mwaka 1976, Oklahoma ikafika hadi kwenye leza, yaani mwanga mkali wa kutibu jicho, mwaka 1998. Elimu ni ileile, lakini mtu akihama jimbo kazi yake inapungua au kuongezeka. Uingereza tangu mwaka 2008 mtaalamu anaweza kusoma zaidi, akafaulu, ndipo akapewa kibali cha kuandika dawa mwenyewe. Hiyo ndiyo njia ninayoiunga mkono.

Mchangiaji: Mkuu, na matone ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, je? Jicho jekundu linadhaniwa ni mzio, kumbe ni virusi vya hepesi. Ukiweka steroidi peke yake, kidonda cha konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kinazidi kutanuka. Daktari bingwa amesomea mwili mzima kabla ya kufika kwenye jicho.

Mtoa mada: Ndugu, hoja yako ni nzito. Ndiyo maana mpaka wangu ni kisu na leza: mambo yakiharibika pale, anatakiwa mtu anayeweza kupasua. Ila kwa steroidi, daktari wa kawaida anaruhusiwa kuziandika hata kama hana ile taa yenye lenzi za kukuza, ambayo ndiyo inayoonyesha kidonda hicho vizuri. Mwenye taa na mafunzo ya kuitumia ndiye tunayemzuia. Kwa sababu gani?